Mbizi mbili kwenye Thistlegorm: pikipiki, garimoshi na lundo la gambuti

Watu wengi wanaolipia safari ya kupiga mbizi katika Bahari ya Shamu hufuata matumbawe na samaki. Mimi nilifuata gambuti. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya Thistlegorm, meli ya mizigo ya Uingereza iliyolala chini ya bahari pale Sha'ab Ali nchini Misri, kuna lundo la viatu vya mpira vya jeshi ambavyo havikuwahi kuvaliwa na askari yeyote, nikataka kuviona kwa macho yangu. Tathmini hii inahusu safari ya boti ya siku moja kutoka Sharm el-Sheikh, yenye mbizi mbili. Kampuni iliyotuhudumia sitaitaja, maana nina lalamiko moja zito ambalo nitalieleza mahali pake.

Nianze na walichokifanya vizuri. Kabla ya mtu yeyote kupanda botini waliangalia cheti chake na kuuliza mara ya mwisho alizama lini, kwa sababu sakafu ya bahari hapo iko mita 30 chini, na mwenye cheti cha kuishia mita 18 hana ruhusa ya kufika huko. Waliotaka walipewa mitungi yenye oksijeni iliyoongezwa, na nawashauri wengine wasiipuuze: kwa hewa ya kawaida, katika kina hicho mzamiaji hupata takriban dakika 20 tu kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ili mwili utoe naitrojeni, na dakika 20 ni kidogo mno kwa meli yenye urefu wa zaidi ya mita 120.

Maelezo ya kiongozi wetu yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye sitaha ya boti. Aliichora meli ubaoni kutoka omo hadi tezi, kisha akatueleza kwa nini vitu vya ajabu namna ile vilikusanyika mahali pamoja. Mwaka 1941 meli hiyo iliondoka Glasgow na kuizunguka Afrika kwa upande wa kusini, ikiwapelekea majeshi ya Uingereza yaliyokuwa Misri kila kitu ambacho jeshi huhitaji: malori, pikipiki, bunduki, vipuri vya ndege, risasi na vichwa viwili vya garimoshi. Ilikuwa imetia nanga ikisubiri zamu ya kuingia Mfereji wa Suez pale ndege za Ujerumani zilipoishambulia usiku, tarehe 6 Oktoba. Mabomu yaliangukia sehemu ya nyuma, palipokuwa na risasi na mabomu ya shehena, na mlipuko uliofuata ukaipasua meli. Watu 9 walikufa. Kiongozi alitamka idadi hiyo taratibu, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea, jambo ambalo lilinipendeza.

Mbizi ya kwanza ilikuwa ya nje. Tulishuka tukishika kamba kwa sababu mkondo una nguvu, na mtu akiiachia huenda asiione meli kabisa. Mizinga ya kujilinda ingali juu ya tezi, na chewa wakubwa wamejificha kwenye vivuli vya mabati yaliyojikunja. Tulichokisubiri wote, hata hivyo, kilikuwa mchangani, kando kabisa na meli: kichwa cha garimoshi kilichorushwa na mlipuko kutoka sitahani. Mzamiaji huona vitu vikiwa vikubwa kwa karibu theluthi kuliko vilivyo, kwa vile mwanga hupinda unapotoka majini kuingia katika hewa iliyo ndani ya miwani, kwa hiyo mtambo ule, ambao hata nchi kavu ni mkubwa, ulinifanya nisahau kutazama kipimo cha hewa. Ni kosa langu, si la kampuni.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika mbizi ya pili methali hiyo ilitimia neno kwa neno. Ndani kila kitu kilikuwa na rangi moja ya kijivu cha samawati, kwa kuwa maji humeza wekundu kwanza, hadi tochi ilipomulika na kutu ikarudia wekundu wake. Pikipiki zimesimama katika safu juu ya malori, matairi yake yakiwa mazima kuliko vyuma. Baadhi zimenyofolewa vipande na wazamiaji waliotaka kumbukumbu. Halafu nikaziona gambuti. Zimerundikana, nyingine zikiwa zimepinduka nyayo juu, na naweza kusema bila kusita kwamba zilinishtua kuliko garimoshi. Garimoshi ni kubwa kiasi kwamba linabaki kuwa kioja tu, ilhali gambuti ina ukubwa wa mguu wa mtu.

Hapo ndipo penye lalamiko langu. Kiongozi yule yule aliyetuambia tusiguse chochote aliinua gambuti moja na kuipeperusha mbele ya kamera ya mteja. Tope likatimka, na sisi tuliokuwa nyuma, katika kundi la watu wanane, hatukuona kitu tena hadi tulipotoka nje. Isitoshe, boti yetu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye chuma cha meli yenyewe, na kila wimbi lilipoinyanyua niliona bamba likitikisika. Meli hii tayari inaumia kwa mapovu ya pumzi zetu, ambayo hunaswa chini ya sitaha na kuharakisha kutu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuivuta pia kwa kamba.

Ningerudi, lakini si na kampuni hii. Anayetaka kwenda aulize kabla ya kulipa ni watu wangapi kwa kiongozi mmoja na boti itafungwa wapi. Wanne kwa kiongozi ndio kiwango ambacho mimi ningekubali. Tena abebe tochi yake mwenyewe, kwa sababu ile niliyoazimwa ilizimika nikiwa ngamani, na njia ya kutokea niliipata kwa kufuata mwanga wa mwenzangu.