Motokari ndogo ya famili Lubumbashi: ipi kwanza, ipi mwisho

Kabla ya kuuliza bei, hesabu watu wako. Nani anakaa mbele, nani anampakata mdogo, nkambo anaingiaje na goti lake linalouma, gunia la makala linalazwa wapi mkirudi na njia ya Kasenga? Motokari ya famili inapimwa kwanza kwa viti vya nyuma na buti. Moteri inafuata.

Ya kwanza niliyonunua sikuipima hivyo. Moteri ilinguruma vizuri, nikalipa. Sikujua kwamba volanti, yaani usukani, ilikuwa imehamishwa kutoka kuume kuja kushoto. Nilikuja kujua mwezi wa 12, usiku, tukitoka Likasi, mvua ilipoanza. Vifuta kioo vilisafisha upande wa mke wangu mpaka pembeni kabisa. Upande wangu, kwenye kona ya kushoto, pembe nzima ya kioo haikuguswa, na maji yalitiririka pale pale nilipohitaji kuona. Malori ya shaba yanakuja, taa zao zinatawanyika ndani ya yale maji, watoto 3 wamelala nyuma. Nilitoka barabarani nikangoja mvua ipungue.

Kwa hiyo naanza na volanti. Kongo tunapita kuume, lakini motokari nyingi za bei nafuu zimetoka Japani: zinashuka Dar es Salaam, zinakata Zambia, zinaingia mpakani Kasumbalesa zikiwa na volanti kuume. Ukitaka kulipita lori, inabidi utokeze karibu motokari nzima ndipo uone mbele. Na anayekaa kando yako anashukia upande wa magari yanayopita. Kama pesa inaruhusu, tafuta iliyotoka kiwandani na volanti kushoto. Isiporuhusu, chukua ya kuume halisi, usichukue iliyohamishwa, kwa sababu kuhamisha ni kukata na kuunga vyuma vinavyoshika volanti na breki. Washa vifuta kioo uone vinasafisha upande wa nani. Kisha fungua boneti, tazama ukuta ulio nyuma ya moteri: matundu yaliyozibwa yatakuambia kwamba volanti ilihamishwa.

Namba moja kwangu ni Toyota Corolla Spacio ya miaka ya 2001 hadi 2007, yenye moteri ya lita 1.5. Ina safu 3 za viti. Ya mwisho ni ya watoto tu, na ukiisimamisha buti inakwisha, lakini siku ya kwenda kanisani na binamu wote utaishukuru. Moteri yake, 1NZ, utaikuta pia kwenye IST, Raum na Probox nyingi, zote za Toyota, kwa hiyo piesi zinapatikana na fundi hajifunzii kwako. Inatumia cheni, si mkanda wa kubadilisha baada ya kilomita 100,000. Ya 1.8 ina nguvu zaidi, lakini nyingi za miaka ile zinakula oili. Ukiipenda hata hivyo, chomoa kijiti cha oili, na mtu asimame nyuma atazame moshi wa bluu unapokanyaga esansi.

Ya pili ni IST, ile ya 2002 hadi 2007. Watu 5 wanakaa vizuri, na kugeuza katika vijia vya Kamalondo ni rahisi. Buti ndiyo shida: gunia la makala linaingia ukilaza kiti, maana yake mtoto mmoja anabaki nyumbani. Kuna IST zinazovuta kwa magurudumu 4, zinasaidia sana tope la Ruashi, ila zinakunywa zaidi. Chunguza kama ilifanya teksi: milango ya nyuma inalegea na pedali zinakwanguka hata kama kilomita kwenye dashibodi ni chache.

Raum naiweka ya tatu, lakini ukiishi na wazee ipandishe. Milango ya nyuma inateleza, haihitaji nafasi ya kufunguka. Ile iliyoanza 2003 haina nguzo katikati ya milango ya kushoto, mlango unakuwa mpana kweli. Tatizo ni kwamba upande huo kwetu ndio unaotazama barabara. Mshushe nkambo ndani ya ua.

Probox ni ya nne. Kiti cha nyuma ni chembamba na kimesimama wima, watoto watalalamika. Kwa mama anayeuza bunga sokoni, hata hivyo, hiyo ndiyo ya kwanza.

Honda Fit ina nafasi kuliko inavyoonekana, lakini bwate yake ya gia za otomatiki, ile ya CVT (isiyo na hatua za gia), inataka mafuta yake maalumu. Mtu akishaweka ya kawaida imeharibika, na muuzaji hatakuambia. Vitz ya 1.0 na Passo zinatosha kwa watu 2 na mtoto. Ukipakia famili nzima utazisikia zikilia kwenye kila kilima.

Jambo moja kwa wazazi: Honda na Toyota nyingi za miaka hiyo ziliitwa zirekebishwe kwa sababu ya mifuko ya hewa, ile inayofumka kwenye ajali, ya kampuni ya Takata. Joto na unyevu huiharibu, na ikipasuka inaweza kurusha vipande vya chuma. Andika nambari ya shasi, itafute kwenye tovuti ya kiwanda. Nambari hiyo hiyo ilinganishe na karte rozi, karatasi rasmi ya motokari, herufi kwa herufi, kabla pesa haijatoka mfukoni. Na vuta kila mkanda wa kiti mpaka mwisho, hata wa katikati.

Redio usiitilie maanani. Za Japani nyingi zinaishia 90 FM, na hilo linarekebishika.

Siku ya kujaribu nenda na famili yote, na mfuko wa kilo 25 wa bunga ndani ya buti. Omba mpite barabara ya udongo, si lami tu. Ingia kwenye shimo polepole, madirisha yamefungwa, watoto wanyamaze. Tumbo la motokari likigusa chini, au amortiseri (shokapu) zikigonga, mrudishie muuzaji ufunguo, umlipe esansi mliyotumia, mwende kuona nyingine.