Duka la dawa Chikongola lililokataa kuniuzia magnesiamu mpaka nilete majibu ya figo

Duka lenyewe ni dogo, lipo nyuma ya soko la Chikongola hapa Mtwara, na benchi la kusubiria linapigwa jua kuanzia saa nne. Bado nawaambia watu waende.

Mama yangu analima korosho Nanyamba na ana presha. Aliandikiwa hydrochlorothiazide, kile kidonge kinachokojoza. Baada ya muda akawa hoi, misuli ya miguu inamkaza usiku mpaka anatoa machozi, vidole vinamchoma kama sindano. Kituo kimoja kilimpima madini ya potasiamu kwenye damu, ikaja 2.9 wakati inatakiwa isishuke chini ya 3.5. Akapewa vidonge vya potasiamu. Kupima tena, imepanda kidogo sana. Akaongezewa vidonge vilevile. Magnesiamu, madini mengine ya mwilini, haikutajwa na mtu.

Nilipoingia dukani na cheti cha potasiamu nyingine, mfamasia aliniuliza kabla hajagusa rafu: "Dada, mama anatumia dawa gani nyingine?" Nikamtajia ile ya presha, na omeprazole ya tumbo anayomeza miaka. Akasema zote mbili zinaweza kuimaliza magnesiamu mwilini, na magnesiamu ikiisha potasiamu haikai. Akanieleza taratibu, foleni ikiwa nyuma yangu. Kwenye figo kuna vinjia vya kutolea potasiamu, na magnesiamu iliyomo ndani ya seli ndiyo inayovizuia visitoe ovyo. Ikipungua, vinabaki wazi na potasiamu inaishia kwenye mkojo. Unakuwa unajaza tanki ambalo koki ya chini imeachwa wazi. Na vile vidole? Shingoni tuna tezi ndogo nne zinazosimamia kalsiamu. Magnesiamu ikishuka sana tezi zinashindwa kutoa homoni yake, na hata ikitoka mifupa haiitikii vizuri, basi kalsiamu nayo inashuka, na ndipo vidole vinapochoma. Upungufu mmoja, madini matatu yameyumba.

Potasiamu ya kwenye cheti alinipa. Magnesiamu alikataa, ingawa nilimsihi aniuzie hata ya kuanzia. Alitaka kwanza mama apimwe magnesiamu na figo, kwa sababu figo zilizochoka hazitoi ya ziada, na ikijaa kwenye damu inashusha presha na kuvuruga mapigo ya moyo. Alikuwa anaifukuza hela yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipomwamini.

Kipimo hicho hakifanyiki kila maabara, ulizeni kabla hamjatoka nyumbani. Majibu ya mama yalikuja 0.5, na kawaida ni kuanzia kama 0.7. Hata anayekutwa ndani ya kawaida asiridhike haraka kama dalili zipo, kwani magnesiamu iliyo kwenye maji ya damu haifiki hata asilimia 1 ya iliyomo mwilini. Nyingi iko kwenye mifupa na misuli. Figo zilikuwa nzima. Daktari akambadilishia dawa ya presha na kumwandikia magnesiamu. Potasiamu ikapanda na safari hii ikakaa. Sasa mama analala usiku kucha.

Kuhusu dawa yenyewe: dukani kuna aina mbili. Ya bei nafuu ni oksaidi, ya bei kubwa ni sitreti. Mfamasia aligeuza boksi akanionyesha kwa kalamu maandishi madogo ya pembeni. Oksaidi ina magnesiamu nyingi kwa uzito lakini mwili unaifyonza kidogo, inayobaki inavuta maji tumboni na kukuharisha, na kuharisha kwenyewe kunapoteza madini. Tulichukua sitreti. Inauma mfukoni, vidonge ni vikubwa na mama anavimeza kwa shida, na siku za mwanzo choo kilikuwa laini mpaka tulipoambiwa tugawe dozi, ale kwanza ndipo ameze. Mkiwa mnatumia doxycycline au ciprofloxacin, msimeze kwa pamoja, magnesiamu inaizuia antibayotiki isifyonzwe.

Kilichonigusa zaidi ni ushauri wa chakula. Gramu 100 za korosho zina zaidi ya miligramu 250 za magnesiamu, na mwanamke mzima anahitaji kama 320 kwa siku. Mama korosho zake zote zilikuwa zinaingia stakabadhi ghalani, yaani zinauzwa kupitia maghala, nyumbani alikuwa anakula ugali wa sembe iliyokobolewa mpaka madini yameondoka na pumba. Sasa anabakiza debe la kubangua mwenyewe, tumerudi kwenye dona na mtama, na kunde hazikosekani. Mwenye figo mbovu asiige hili bila daktari, vyakula hivi vina potasiamu pia.

Kasoro ya duka: sitreti huisha, na mzigo ukichelewa kutoka Dar unaweza kusubiri wiki nzima. Pigeni simu kabla ya kwenda, na mbebe majibu ya figo pamoja na dawa zote mnazotumia. Atawauliza.