KDP ya Amazon kwa mwandishi mwenye ajira

Kwa daktari, mhasibu au wakili anayeandika kitabu cha taaluma yake usiku baada ya kazi, KDP (Kindle Direct Publishing), huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, inafaa sana: kupakia faili ni bure, na nakala huchapwa mnunuzi akishaagiza, hivyo hakuna maboksi ya kurundika sebuleni.

Kinachokwamisha wengi ni pambizo ya ndani, yaani nafasi tupu upande wa mshono. Kitabu cha kurasa 24 hadi 150 kinataka milimita 9.6, ukifika 151, ni 12.7. Ukichomeka sura moja dakika za mwisho ukavuka kikomo hicho, faili huweza kukataliwa, na jalada nalo lazima lipimwe upya kwa kuwa mgongo umenenepa. Agiza nakala ya majaribio, uifungue katikati kabisa: maneno yakizama kwenye mshono, ongeza pambizo hata kama mfumo umeikubali.

Toleo la kielektroniki la dola 2.99 hadi 9.99 linaweza kukupa mrabaha wa asilimia 70, ila picha nzito huumega, maana kila megabaiti hutozwa. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya bure ya KDP, bahati mbaya, haitumiki kwingine. Ukitaka kuchapa pia Dar es Salaam, omba yako Bodi ya Huduma za Maktaba.