Betri ya kuchaji au ya kubadilishwa?

Kifaa kinachopandikizwa kutuliza maumivu sugu ya mgongo kina nyaya nyembamba zinazolazwa karibu na uti wa mgongo, na betri chini ya ngozi, aghalabu juu ya tako. Umeme wake mdogo huvuruga ujumbe wa maumivu kabla haujafika kwenye ubongo. Hujaribiwa kwanza kwa siku kadhaa, betri ikiwa nje ya mwili. Maumivu yasipopungua kama nusu, kwa kawaida hakipandikizwi.

Jaribio likishafaulu, swali ni betri gani. Isiyochajiwa unaisahau kabisa, lakini mara nyingi huisha baada ya miaka 2 hadi 5, kisha unarudi kupasuliwa upya. Ya kuchaji huweza kufika miaka 10 na zaidi. Gharama yake ni nidhamu: unakaa na chaja imeegemezwa kiunoni, inapata joto, na msimu wa kaskazi Mombasa, jasho likichuruzika, huo si mchezo. Stima nayo hupotea pale pale unapoihitaji.

Kijana anayehangaika sokoni Marikiti kutwa ningemwambia achukue ya kuchaji. Ana miaka mingi mbele, na kila upasuaji una hatari ya maambukizi. Bibi wa Kisauni anayesahau hata kuchaji simu? Apewe ile nyingine, asisumbuliwe.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege zote ni sawa: onyesha kadi ya kifaa, omba upekuliwe kwa mkono.