Rauta ya 4G "bila kikomo": imening'inia dirishani kwangu tangu 2024

Nina steshenari Kimara, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, printa mbili na kompyuta ambayo herufi A imeshafutika kwenye kibodi. Tangu Februari 2024 natumia rauta ya 4G, ile nyeupe yenye umbo la kopo, inayowekwa laini kama simu. Nalipa shilingi 70,000 kwa mwezi kwa kifurushi walichoniuzia kwa jina la "bila kikomo". Kampuni siitaji, maana nina ugomvi nayo na bado ni mteja wao.

Zamani nilikuwa naunga bando kwenye simu, naiwashia kompyuta hotspoti. Wenye kazi hii wanajua adha yake. Mtoto wa watu kaja na cheti cha kuzaliwa, picha na fomu yenye mihuri, tunajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, tumefika kwenye kupakia viambatanisho, bando linakata. Siku nyingine bando lipo, anapiga shangazi, mtandao unasimama mpaka amalize kusalimia. Msimu wa maombi nilikuwa namaliza elfu tano mpaka saba kwa siku kwa bando peke yake, na nusu yake nadhani iliishia kwenye kompyuta kujisasisha bila kuniuliza. Kwa hesabu hiyo, 70,000 ni nafuu na sina la kubisha.

Siku ya kuja kufunga, kijana wa kampuni aliichomeka nyuma ya mashine ya fotokopi kwa sababu soketi iko hapo. Taa zikawaka, nikasaini, akapanda bodaboda yake. Kasi: megabiti 2 kwa sekunde. Tangazo linasema "hadi 20". Lile neno "hadi" muwe mnalisoma mara mbili.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu wa chuo. Aliandika 192.168.1.1 kwenye kompyuta, ukafunguka ukurasa wa rauta yenyewe, akanionyesha mstari ulioandikwa RSRP: -113. Akasema hiyo ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanapoifikia rauta, na namba ikisogea kuelekea sifuri ndiyo unafuu. Tukachukua ekstenshoni tukaanza kuitembeza chumba kizima kama watu wanaotafuta sindano. Juu ya kabati, karibu na bati, -110. Juu ya friji ya soda, -108. Tulipoisogeza kwenye nondo za dirisha linalotazama Barabara ya Morogoro, -92. Ikabaki hapo hapo. Nimeifunga kwa kamba ndani ya kikapu cha plastiki cha vitunguu, wateja wananicheka, lakini kasi ilipanda mpaka 17.

Hiyo 17 ni ya saa nne asubuhi. Saa mbili usiku napata 3, na Jumapili za mechi hata hiyo 3 ni ya kuomba. Mnara ni mmoja, na uwezo wake tunagawana wote tulio karibu nao, simu na rauta pamoja. Nilipoanza nilikuwa peke yangu upande huu wa barabara. Sasa saluni wanayo, duka la dawa wanayo, na jamaa wa kibanda umiza naye kachukua. Kampuni ikipata mteja mpya mtaani kwetu, mimi ndiye ninayepunguziwa.

Sasa hilo la "bila kikomo". Julai ya mwaka ule ule wa 2024, tarehe 19, msimu wa maombi umepamba moto, kasi ikaanguka mpaka chini ya megabiti 1. Nikapiga huduma kwa wateja, dada akanijibu kwa upole kwamba nimefikia "matumizi ya haki", GB 250, kwa hiyo nitaendelea polepole mpaka mwezi uishe. Imeandikwa, ni kweli, nyuma ya karatasi niliyosaini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Wangesema tangu mwanzo "GB 250, baada ya hapo unatambaa", ningenunua hivyo hivyo. Kinachoniuma ni jina.

Ila GB 250 kwa duka la vifaa vinne? Tulirudi kwenye ule ukurasa wa rauta tukakuta vifaa 23. Ndipo nikaelewa kwa nini kibaraza changu hakikosi vijana usiku baada ya mimi kufunga. Nikabadilisha paswedi. Kesho yake jirani kaja na khanga begani, hakuzunguka: mwanawe yuko kidato cha nne, alikuwa anashusha pepa za nyuma pale kibarazani. Nimempa mtoto paswedi mpya kwa masharti asiwape wenzake. Wiki ya pili vilikuwa vifaa 9.

Kuna lawama moja nairudisha. Mei 2024 mtandao ulipokufa nilichokonoa kile kitundu cha kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani kwa pini ya khanga mara tatu, nikitukana. Kumbe tarehe 12 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari huko kusini, na karibu nchi nzima ilikuwa inasota. Rauta haikuwa na kosa.

Umeme ukikatika inazimika papo hapo, haina betri. Nimenunua kibetri cha volti 12 kwa 45,000, kinaibeba saa tatu na kidogo. Walinijia pia na ya 5G, nikakubali kuijaribu siku mbili. Barabarani ilikuwa moto kweli, ndani ya kuta zangu za matofali ikawa inarudi 4G yenyewe. Mawimbi yake ya juu yanashindwa kupenya. Nikawarudishia.

Nyota nne kwa mchana, mbili kwa usiku. Ukitaka ya kwako, weka laini ya kampuni hiyo hiyo kwenye simu, nenda saa mbili usiku usimame pale pale utakapoiweka, upime. Na muuzaji akikuambia haina mwisho, mwombe ageuze karatasi.