Bwawa dogo lenye paa: ununue kifaa gani cha kupimia maji?

Ukiingia kwenye banda la bwawa ukapokewa na harufu kali ya klorini, usidhani klorini imezidi. Mara nyingi ile yenye kazi imepungua. Kinachonuka ni kloramini: klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, ikabaki majini bila nguvu. Bwawa la wazi husaidiwa na jua na upepo. Chini ya paa hewa yenye kloramini hutanda juu ya maji, palepale mtoto anapovuta pumzi. Nilipoanza kufundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la namna hiyo, niliona macho mekundu wiki nzima huku muuza dawa za bwawa akiniambia maji ni safi.

Basi muulize muuzaji swali hili kwanza: je, kifaa chako kinatenganisha klorini huru (ile yenye kazi bado) na klorini jumla? Tofauti ya hizo mbili ndiyo kloramini, na isipite miligramu 0.4 kwa lita. Kwa kigezo hicho navipanga hivi.

1. Kifaa cha kuhesabu matone (FAS-DPD). Unatia unga wa DPD, dawa ya kupimia klorini, kwenye maji, yanageuka waridi, kisha unadondosha dawa huku ukihesabu mpaka rangi ipotee. Kwa maji ya mililita 10, kila tone ni miligramu 0.5 kwa lita. Ukichukua mililita 25, kila tone ni 0.2. Huhitaji kufananisha rangi na kadi, na hilo nalithamini sana, kwa sababu chini ya paa la plastiki ya kijani au buluu kila rangi hudanganya. Taylor K-2006 ya Marekani ni ya aina hii, nayo hupima pia pH (kipimo cha uasidi wa maji), alkali na ugumu wa maji. Ni ghali, na kabla hujalipa hakikisha utapata dawa za kujazia.

2. Kisanduku cha vidonge vya DPD. Kwa bwawa la nyumbani kinatosha kabisa. Kidonge namba 1 hupima klorini huru. Bila kumwaga maji, ongeza namba 3 upate jumla. Toka nje ya banda, simama kivulini, ndipo usome rangi. Ujihadhari na jambo moja: klorini ikizidi mno huifuta ile waridi, ukadhani hamna kitu, ukaongeza nyingine. Ukishuku, changanya maji ya bwawa nusu kwa nusu na maji yasiyo na klorini, pima tena, zidisha mara mbili.

3. Fotomita. Inakusomea rangi yenyewe. Inamfaa mwenye hoteli, au mtu ambaye macho yake hayatofautishi rangi vizuri. Nunua vidonge vilivyotengenezwa kwa fotomita.

4. Vipande vya karatasi. Ni vya kuchungulia tu. Unyevu wa pwani huviharibu upesi kopo likiachwa wazi.

Kile cha matone ya njano, OTO, usinunue. Kinapima klorini jumla peke yake, kwa hiyo maji yaliyojaa kloramini yatakuonyesha njano ya kupendeza.

Ukishapima, rekebisha alkali kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoishika pH isiyumbe. Iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Gramu 170 hivi za bikaboneti ya sodiamu katika lita 10,000 huipandisha kwa 10. pH ikae kati ya 7.2 na 7.8. Anayejaza bwawa kwa maji ya kisima Mombasa au Unguja apime ugumu wa maji kabla ya kununua dawa yoyote ya kuuongeza, maana visima vingi viko kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake tayari ni magumu.

Klorini yenyewe nunua ya maji, hipokloriti ya sodiamu. Vile vidonge vikubwa vyeupe vya trikloro vina asidi ya sayanuriki, inayokinga klorini dhidi ya jua. Bwawa lako halina jua. Asidi hiyo itajilimbikiza na kuifanya klorini iwe nzito kufanya kazi. Kama unavyo tayari, usivichanganye kamwe na unga wa hipokloriti ya kalisi, hata kwa kijiko kimoja cha kuchotea: vinaweza kuwaka moto.