Yeyo wa shanga pale Soko la Wamasai Arusha: nyota nne, ya tano nimeibakisha makusudi

Wale mlionifata inboksi kuuliza shanga za sendofu ya mdogo wangu tulitoa wapi, naandika hapa mara moja tu maana nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Nianze na hasara. Sisi ni Wachaga wa Machame, shemeji ni Mwarusha wa Ngaramtoni, watu wanaoongea Kimaa kama Wamasai, kamati ikapitisha wasichana wote wavae kimasai kwa heshima ya wakwe, na mimi nikapewa uenyekiti wa mavazi, yani cheo cha kutukaniwa. Nikakimbilia duka moja mjini silitaji jina, nikabeba mikufu kumi na mbili ya elfu tano tano nikajiona mjanja. Kikao cha tatu binamu yangu akavaa mmoja kujaribu, akainama kuchukua soda, uzi ukakata tap, shanga zikamwagika sakafuni mpaka chini ya kabati, mwingine naye alivaa na blauzi nyeupe jasho likamtoka kidogo tu shingo ikawa ya pinki. Nikarudi dukani wakaniambia mali ikishatoka hairudi. Elfu sitini hiyo, kwaheri.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu yeyo, yani mama kwa Kimaa. Yupo Soko la Wamasai barabara ya Fire, ukitokea mnara wa saa unatembea tu wala boda huhitaji. Usinase kwenye vibanda vya mbele vya vinyago na picha za tingatinga wanakokuita rafiki rafiki, nyoosha hadi ndani, utakuta mama amekaa chini amenyoosha miguu, bakuli tatu za shanga pembeni na waya mkononi. Bango hana.

Nikamwamkia "sopa!" kwa kujiamini kabisa. Akacheka mpaka akaweka kazi chini. Kumbe mwanamke anaamkiwa "takwenya" na anaitika "iko", hiyo yangu ni ya wanaume, kwahiyo sijagusa hata bangili nishajulikana ni wa kuja.

Sasa mi nimeenda na picha kwenye simu nataka bei niondoke, yeye ananihoji kama karani wa sensa. Ya nani? Msichana au mke wa mtu? Anaenda kuvaa wapi? Anaolewa kwa watu gani? Nikamwambia Waarusha wa Ngaramtoni, akaitazama picha yangu akasema mpangilio huo ni wa Wamasai wa Kenya, mtoto akitokea nao mbele ya wakwe hawatasema kitu ila watacheka ndani. Akanionyesha wa Kisongo, Wamasai wa upande wetu huku, na wa kwao Waarusha, mi naona yote nyekundu nyeupe bluu, yeye anaona makabila. Zile habari za nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu, kijani ni majani, nyekundu ni damu, kila muongoza watalii anakuimbia, huyu alizipita haraka, kwake kinachosema ni rangi gani imekaa jirani na ipi na imekatwa baada ya shanga ngapi.

Nikamtolea ule mkufu wa hasara. Hakusema kitu, akachukua shanga moja yangu na moja yake akanigusisha shavuni. Ya kwake ya baridi, yangu haina baridi hata chembe, plastiki. Halafu akaigonga kwenye jino, ya kioo inalia. Nawaachia hilo bure, mkienda kununua popote gongeni jino msione aibu. Na wale wa "asili asilia" mtulie, shanga zenyewe za kioo hazijawahi kutengenezwa Monduli, nzuri zinatoka Jamhuri ya Cheki, za bei chee China, kabla ya biashara ya kioo kufika watu walitumia mbegu, udongo, mifupa na vijiti. Cha kwao ni mkono na hesabu.

Hiyo hesabu nimeishuhudia maana nilikaa pale kama saa nzima. Mkufu ule mpana wa duara anautunga kwenye waya mzunguko juu ya mzunguko, na ili mizunguko isipandane anaweka vijipande alivyokata kwenye dumu la mafuta ya kula, kavitoboa kwa msumari wa moto, anasema bibi yake alitumia ngozi ya ng'ombe. Anahesabu kwa Kimaa midomo inacheza tu. Kuna mahali alizidisha shanga moja nyeupe, mi nisingeona hata kwa miwani, akafumua mzunguko mzima. Mteja mwenyewe nimekaa hapo naangalia na nina haraka, akafumua.

Kilichonimaliza kabisa ni hereni. Mdogo wangu alikuwa ameona insta zile za shaba zilizosokotwa duara kama konokono, isurutia, anazitaka anazitaka. Yeyo anazo, zimening'inia palepale, nikauliza bei akasema elfu ishirini na tano, nikatoa hela. Akauliza, hizi ni za yule wa sendofu? Nikasema ndio. Akairudisha hela yangu mkononi. "Hii ni ya mke wa mtu. Huyo siku hiyo bado yuko kwa baba yake." Nikabembeleza, nikamwambia yeyo ni urembo tu, picha tu, nikaongeza elfu tano, wapi. Anasema akishaolewa zitakuja zenyewe hutazinunua wewe. Jamani mfanyabiashara gani anakataa elfu thelathini mkononi saa nane mchana na soko limedoda?

Nilipoleta hii stori kikaoni baba mdogo akaguna, akasema nyie mnachezea, mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha operesheni ya kuwaachisha Wamasai shuka zao za rubega na kujipaka ngeu, ule udongo mwekundu, wavae suruali na magauni kama watu wa maendeleo, na tarehe 1 Januari 1969 Operesheni Vijana nayo ikaanza kuwakimbiza dada zetu wa mjini kwa ajili ya sketi fupi na mawigi. Leo mgeni rasmi akitua Arusha cha kwanza anavishwa rubega na kushikishwa rungu. Baba mdogo anacheka peke yake.

Tusimfanye yeyo malaika lakini. Kibanda hichohicho kina bangili zimeandikwa Hakuna Matata, zina bendera za nchi za watalii, na upande mmoja kijani na njano za Yanga zimetazamana na nyekundu na nyeupe za Simba. Nikamuuliza hizi mbona huhoji mtu? Akasema hizo anayevaa anajisema mwenyewe.

Mapungufu sasa. Aliahidi Jumatatu akatoa Alhamisi, na kila nikipiga simu anapokea kijana wake anasema "amemaliza, bado kidogo", we amemaliza au bado? Nilienda Arusha na kurudi Moshi mara mbili kwa nauli yangu. Risiti hana, mweka hazina wa kamati alinitazama kama mwizi. Bei hashuki, ukilia lia sana anakuongezea bangili moja ya mkononi basi. Nyota ya tano imekufa hapo kwenye Alhamisi.

Bei nilizolipa mimi: mikufu midogo ya wasichana elfu nane kila mmoja, ule mpana wa mdogo wangu wenye nyuzi zinazoning'inia kifuani elfu arobaini, na wa mama elfu kumi na tano. Kweli ni zaidi ya kule mjini, ila wamerukaruka nayo usiku mzima haijadondoka hata punje.

Siku yenyewe ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ameshaletwa na jani lake la isale mdomoni, wakwe wamekaa, mama mkwe akainuka kumpongeza mtoto. Hakuanza na uso. Alishika mkufu, akaupitisha vidole mzunguko kwa mzunguko polepole kama anasoma, akauliza "nani kakutungia?", halafu akapapasa masikio, akakuta vihereni vya kawaida tu, akageuka kwa wenzake akasema kitu kwa Kimaa, wakacheka vizuri. Mi nyuma pale nilikuwa nimeshika pumzi. Wiki mbili baadae kwenye harusi Ngaramtoni akazileta isurutia mwenyewe kwenye kitambaa, za kwake za zamani, nzito kweli.

Mikufu ya wasichana tulikubaliana inarudi kwangu niikodishe kufidia ile elfu sitini. Kumi na mbili imerudi. Wa mama haujarudi, Jumapili nimemkuta nao kanisani Machame juu ya kitenge cha umoja wa wanawake, nikamkonyeza akajifanya anatafuta wimbo kitabuni.